Tembo Aliyechovya Masikio Baharini

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ofisi na vyeo, Mzee Tembo aliamua kusimika minara ya upepo baharini, nchi kavu yote ipate umeme. Wazo zuri, wadogo zangu. Sina ugomvi na upepo.

Ila sikieni alichofanya! Mkutano wa kuchukua maoni ya samaki aliuitisha wapi? Mlimani! Na soda zikanywewa.

"Samaki gani anapinga?" akauliza. Kimya. "Basi, wamekubali!"

Makofi, pa pa pa!

Kifaru, msimamizi wake, akapanda jukwaa la baharini na nyundo kubwa kuliko nyumba, akaanza kukita nguzo. DUUU! DUUU!

Huko chini Mama Pomboo akapotezana na mwanawe. Pomboo huitana kwa mluzi. Sasa mluzi gani utasikika humo? Na kichanga kisiponyonya kitaishi?

Kaa akatoka majini mbio kumfuata Tembo ufukweni, miguu yote ikimpita.

"Shikamoo mzee! Simamisha nyundo, mtoto amepotea!"

"Marahaba. Nyundo ina nini? Masikio yangu ndiyo makubwa kuliko yote, na hapa ufukweni nasikia 'tu, tu' basi. Na Kifaru hasimami ila kwa sauti yangu. Nenda."

Jamani! Kaa akameza hasira, akacheka.

"Kumbe hata nyimbo za kukusifu huzisikii?"

"Nyimbo?"

"Uwii! Huko chini wanakuimbia tangu asubuhi! Tatizo hazipandi juu. Ungechovya masikio kidogo tu..."

Tembo huyoo, akaingia mpaka shingoni, mkonga juu, kichwa chini. Chubwi!

DUUUUU!

"Yalaaa! Mama yangu! Kifaru, acha! Acha nimesema!"

Nyundo ikakoma. Bahari ikatulia.

Fwiii! Mama Pomboo akaita. Kwa mbali, kidogo sana: fwi! Akachomoka kama mshale, akamkuta mwanawe hai, akamnyonyesha palepale.

"Umenidanganya!" Tembo akafoka, maji yakimchuruzika. "Hakuna wimbo!"

"Hakuna, mzee. Na kelele je, ipo au haipo?"



"Bosi, niendelee?" Kifaru akapaza sauti.

"Thubutu!" Tembo akamkemea.

"Msimu wa kulea ukiisha, njooni," akasema Kaa. "Upepo hauendi popote."

Haya, wadogo zangu: uzito wa nyundo usimuulize anayepiga, muulize anayepigwa.