Bakuli la Bi Rumaysa

Inasimuliwa, nami nilipokea kwa mama aliyepokea kwa mamaye, kwamba katika mji mmoja wa Sham palikuwa na msikiti wenye mti mkubwa ukutani. Mti huo haukuchorwa. Ulipangwa kijiwe kwa kijiwe, vidogo kama kunde, na waliovipanga walikwisha sahaulika hata majina. Bi Rumaysa, mja mwema, ndiye aliyefagia pale. Kijiwe kikidondoka, desturi ilikuwa kukitia bakulini mpaka fundi aje akirudishe.

Vikaja vita, Mola atuepushe navyo. Ukuta ukapigwa, mti ukamwagika chini, na Shuraih, mwana wa pekee wa Bi Rumaysa, akafia papo hapo. Watu wakakimbia, kila mmoja na kijiwe chake mkononi, cha kukumbukia kwao.

Waliporudi, wamechoka hoi, Bi Rumaysa akaketi mlangoni na bakuli. "Jamani, rudisheni amana ya msikiti."

"Bibi wee! Sisi hatuna paa, wewe watafuta vijiwe?"

Siku arubaini, bakuli tupu. Ndipo Lubaba, jirani yake, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Mwenzangu, na hicho ulichokishonea kitambaani, hapo shingoni, ni cha nani?"

Bi Rumaysa akainama. Kilikuwa kijiwe cha kijani, alichokitoa kiganjani mwa Shuraih kabla maiti yake haijapelekwa kuoshwa. Hakubakiwa na kingine cha mwanawe, hata kanzu.

"Ni cha msikiti, dada," akasema. "Nimewadai nyinyi jambo lililonishinda mwenyewe."

Akaukata uzi kwa meno, akakibusu, akakitia bakulini. Kikalia, ti!

Lubaba, aliyekuja kwa kejeli, akaketi chini akalia. Kisha akafungua pindo la nguo yake, akatoa viwili. Kufikia Ijumaa bakuli lilikuwa nusu.

Fundi akavipanga. Havikutosha, na palipopunguka akapaka chokaa tu. Bi Rumaysa akakitafuta kijiwe chake asikijue tena, maana majani yote ni kijani. Basi kila akimaliza kufagia, akawa anaupapasa mti mzima, jani kwa jani, akimwombea mwanawe. Na kwa kuwa hakujua lipi ni la Shuraih, akawaombea wafu wa kila nyumba.

Wapenzi wangu, vilivyochukuliwa na vita, Mola ndiye ajuaye vilipo. Sisi tutaulizwa vile tulivyovivaa shingoni.