Vitambaa Vitatu Vyeupe

Nawaletea wanawake watatu wa jumuiya moja, huko kwenye milima ya kahawa. Kolumba alijaliwa miguu: mteremko uliowashinda vijana, yeye aliushuka na mzigo kichwani huku akipiga soga. Theodosia alijaliwa sauti. Akianzisha wimbo kanisani, hata vichanga vilinyamaza. Dafroza alijaliwa maziwa. Alikuwa akimnyonyesha mwanawe, na kifua cha gauni lake hakikukauka.

Jirani yao Ostakia, mjane, alijifungua binti. Kabla hajamzoea, akashikwa na ugonjwa wa kifua. Watu wakaogopa kuambukizwa, wakawa wanamsalimia kutoka barabarani.

Kolumba akaingia ndani. "Mtoto asikae humu. Nampeleka kwa Dafroza, ng'ambo ya mto." Mto ulikuwa umefurika na daraja la magogo limechukuliwa na maji. Alimfunga mtoto juu kabisa, karibu na shingo, akaingia majini. Mtoto alifika mkavu, lakini mguu wa Kolumba ulinaswa kwenye mawe. Tangu siku hiyo anachechemea, na mteremko anaushuka kwa makalio.

Dafroza alimpokea. Maziwa hayakuwatosha wawili. "Wangu ameshaonja uji," alimwambia mumewe. "Huyu, uji utamuua." Akamwachisha ziwa mwanawe kabla ya wakati. Mpaka leo ni mwembamba, na kila akikohoa mama yake hushtuka.

Theodosia alibaki na mgonjwa.

"Toka, dada, utaambukizwa," Ostakia alimsihi.

"Nikitoka, nani atakunywesha uji? Fungua mdomo."

Alimlisha, akamfulia, akamwimbia. Ostakia akapona, Theodosia akaugua. Naye alipona, ila sauti haikurudi. Siku hizi kwaya ikiimba, yeye hutikisa midomo tu.

Leo mtoto anabatizwa. Mama wa ubatizo ni mmoja tu: ndiye humfunika mtoto kitambaa cheupe alichokuja nacho, na kumwita mwanangu maisha yake yote. Ostakia hakuthubutu kuchagua. Alijipa moyo kwamba watatu hao watakubaliana wenyewe. Kumbe kila mmoja alidhani ameshachaguliwa. Alipogeuka pale mbele ya padre, aliona vitambaa vitatu.



"Mpe Dafroza," Kolumba alinong'ona. "Mimi mguu sikuuza."

"Na mimi maziwa niliuza?" Dafroza akajibu. "Tulimfanyia Bwana, jamani."

Theodosia alisema neno, halikusikika. Lakini hakuna aliyekunja kitambaa chake.

"Nani anamsimamia mtoto huyu?" padre aliuliza.

Ostakia aliwatazama mmoja mmoja. Alimwona Kolumba akiuhamisha uzito wake kutoka mguu mbovu. Alimsikia mtoto wa Dafroza akikohoa kwenye benchi la nyuma. Kwaya ikaanza, na Theodosia akatikisa midomo.

Ninyi mnaonisikiliza, padre anangoja na mtoto ameanza kulia. Mikono ya Ostakia imeshainuka. Wewe ungekuwa yeye, ungempa nani?