Koki ya Tangi la Damari

Koki ya wakazaji wengi haikosi kuvuja. Shangazi yenu ameisema hapa sasa hivi, mkacheka, kisha mkaniuliza koki gani hiyo. Mnacheka kwa sababu hamkuwapo. Mimi nilikuwapo, wajukuu zangu, tena mkono wangu ulikuwamo. Sikilizeni niwaeleze ilikotoka.

Dada yangu Damari alikuwa na ekari mbili za zabibu huku Mbabala. Mwaka mmoja mnunuzi aliyeahidi kuleta lori hakulileta, na zabibu zikaozea shambani tukizitazama. Damari hakulia. Alisema, "Mwakani simngoji mtu. Nitatengeneza mvinyo mwenyewe." Akauza ng'ombe wake wawili, akamwendea Hosea, fundi wa kuchomelea vyuma, akamwagiza tangi la chuma kisichoshika kutu, juu pana, chini limechongoka kama faneli. Mvinyo ukichacha, mashapo hushuka yenyewe hadi kwenye ncha. Ukifungua koki iliyo pale chini unayatoa, na mvinyo safi unabaki.

Hosea alilileta, akalisimamisha ukumbini, akatuonyesha. Koki ilishikiliwa na nati kubwa, na ndani ya nati mlikuwa na mpira wa duara wa kuzuia maji. Akasema, "Nati hii hukazwa kwa mkono, mara moja tu. Ikishagusa mpira, iacheni." Tukaitikia sote. Nani asiyejua kukaza nati?

Msimu ulipofika tukakamua zabibu, tukamimina mchuzi wake tangini, lita mia tatu. Hamira ikaanza kazi, nyumba nzima ikanukia. Siku ya nne tukaona tone chini ya koki. Siku ya tano bakuli tulilotega lilijaa mara mbili kabla ya mchana.

Hosea akaitwa. Sasa, kuufikia ule mpira ilibidi tangi liwe tupu. Tulihamisha mvinyo wote kwenye ndoo na mapipa, migongo ikituuma, huku Damari akisonya kila ndoo, kwa kuwa mvinyo ukikutana na hewa mara kwa mara hugeuka siki. Hosea akafungua nati. Mpira ulikuwa umebonyea na kukatika. Akakuna kichwa, akatia mpya, akajaza tangi maji. Tulikaa kulitazama tangi hilo kutwa nzima kama watu waliofiwa. Halikutoa hata tone. Tukarudisha mvinyo.

Siku ya tatu, tone.

Ndoo tena, mapipa tena. Safari hii Hosea aliing'oa koki yenyewe, akaiziba upande mmoja, akaizamisha kwenye beseni na kuipuliza. Hapakuwa na povu lolote. Koki nzima, mpira umekatika vilevile.

"Umenifungia mpira wa kandambili!" Damari akafoka.

"Mama, mpira huu nimewafungia watu sita. Hakuna aliyeniita mara ya pili."

Mumewe Damari, Mwalimu Lameki, aliyekuwa amestaafu na hakuwa na wa kumfundisha tena ila sisi, akasema zabibu za mwaka ule zilikuwa na ukali uliokula mpira. Jirani akasema ni kijicho. Kila mtu alikuwa na maelezo, na koki ilikuwa na tone lake. Wakati huo mvinyo ulikuwa umeanza kunuka siki kwa mbali, na Damari alikuwa haongei na mtu isipokuwa kwa kugombeza.

Hosea alibakiwa na mpira mmoja tu. Aliufunga polepole, akakaza kwa mkono, kisha akaniomba rangi yangu ya kucha. Akachora mstari mwekundu mmoja, ukianzia kwenye shingo ya tangi na kushuka hadi juu ya nati. "Mstari huu ukibaki umenyooka na koki ikavuja, kosa ni langu. Nitawanunulia tena wale ng'ombe wawili mliouza." Tukarudisha mvinyo, naye akaondoka bila kunywa chai.

Alirudi siku ya pili mchana. Tone lilikuwa limeanza kujikusanya. Akapiga magoti, akatazama, akatuita sote. Kipande cha mstari kilichokuwa kwenye tangi kilitazama mlangoni. Kile cha kwenye nati kilikuwa kimezunguka hadi kutazama dirishani.

"Nani amegusa?"

Mwalimu Lameki akakohoa. "Mimi nilisaidia kidogo. Asubuhi tu, kwa ile spana ya bomba."

"Lameki!" Damari akapiga kelele. "Spana! Wiki mbili nabeba ndoo kama punda, kumbe adui yangu nalala naye!"

"Tone lilikuwa kama linataka kudondoka, nikalizuia."

Damari akanigeukia. Sijui aliona nini usoni mwangu. "Na wewe?"

"Nikimaliza kufagia," nikasema. "Kwa mkono tu, dada. Na kitambaa, nati isiniteleze."

Alitusema mpaka sauti ikamkauka. Ukoo wetu, shule aliyofundisha Lameki, mama aliyetuzaa, hakuacha kitu. Hosea alimngoja amalize. Kisha akamuuliza taratibu, "Na wewe, mama?"

Damari akaanza kuifunga upya kanga yake.

"Mimi nilikuwa nahakikisha," akasema. "Kabla ya kwenda shamba. Na nikirudi."

Hosea akasimama. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile alirusha kofia yake sakafuni, akapaza sauti hadi majirani wakatoka nje: "Watu watatu! Kila mmoja anakaza, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake mwenye akili! Koki ya wakazaji wengi haikosi kuvuja!"

Akainama, akailegeza nati mpaka vipande viwili vya mstari vikakutana. Mpira, akasema, umebanwa ukabonyea lakini bado haujakatika. Akapangusa chini ya koki, tukangoja. Pakabaki pakavu.

Tulipata lita mia mbili na kidogo, mvinyo wenye ukali kuliko alioutaka Damari, lakini ulinyweka na ulinunuliwa. Zile siku zilizobaki kabla ya kuutoa, dada yangu aliketi kwenye kigoda mbele ya tangi, mikono ameifunga ndani ya kanga, akiitazama koki kavu kwa hasira kama vile imemtukana. Mwalimu Lameki alipopita akainama kidogo, eti aangalie tu, Damari hakumpigia kelele. Alimwambia kwa meno yaliyobanana, "Mume wangu, nami mkono unaniwasha kuliko wako. Twende tukakae nje. Koki ya wakazaji wengi haikosi kuvuja."