Ncha ya Mkate

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba haraka haraka haina baraka. Jambo lenye saa yake ukilikimbiza, hukufikia bichi. Asiyesadiki na amwulize mwoka mikate mmoja mstaafu, ambaye kila mtu alimwita Chapuchapu.

Enzi zake, Chapuchapu alitia hamira kwa kiganja, si kwa kijiko. Unga wake uliumuka mbio hata siku moja, wasemao husema, ukamsukuma yeye mwenyewe nje ya mlango. Saa moja tu, mkate u tayari! Na kila asubuhi, kwa miaka arobaini, yeye na mkewe waligawana ncha ya mkate wa kwanza, ile yenye ganda gumu, wakaila kwa chai bila maneno mengi.

Kisha tumbo likamgeuka. Akila mkate linajaa kama ngoma, linamnyonga, linamkimbiza chooni mara tano kabla ya adhuhuri. Daktari alimpima, asione kidonda wala mdudu. "Utumbo wako ni mwepesi wa kukasirika," alisema, "na mkate ndio unaouchokoza."

Chapuchapu akaachana na mkate, lakini mkate haukuachana naye. Harufu yake ilimfuata hadi ndotoni. Kilichomchoma zaidi ni mkewe: siku hizi alikula ncha yake jikoni, nyuma ya mlango, asimtie mumewe uchungu. Mzee aliisikia ikivunjika menoni, kru, kru, akaitazama chai yake ikipoa.

Siku moja nesi wa kliniki akamwambia, "Mzee, jaribu mkate wa chachu ya unga na maji, bila hamira. Uache uumuke mchana kutwa na usiku kucha. Chachu hula sehemu ya vile vinavyokusumbua. Hausaidii kila mtu, basi anza na kipande kimoja."

Mkewe akailea chachu chupani wiki nzima, hata ikatoa povu. Chapuchapu akakanda. Saa mbili zikapita, unga umelala kama mgeni aliyeshiba. Mkono uliozoea ukajipenyeza kwenye mkebe wa hamira. Mkate ukatoka mrefu, mzuri wa sura. Akala. Tumbo likanguruma hata paka wa jirani akapanda paani.

"Umetia nini, baba watoto?"

"Nimeusukuma kidogo tu."

"Unga si gari bovu! Mimi nakungoja mezani miezi minane, wewe siku moja inakushinda?"

Mzee akanywea. Kumbe hakuwa akitamani peke yake.

Tumbo lilipotulia, walianza upya. Mkewe akaifungia hamira kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Mzee alilizunguka bakuli kama kuku anayetafuta pa kutagia, mikono nyuma, asiguse kitambaa. Kesho yake mkate ukatoka tanurini mfupi, mzito, wenye harufu ya uchachu. Akaikata ncha, wakagawana. Adhuhuri ikafika, tumbo kimya. Jioni, kimya.

"Bado lipo kweli?" mkewe aliuliza, akimgonga tumboni kwa kidole.

"Lipo. Limelala."

Asubuhi iliyofuata mlango wa jikoni ulikuwa wazi, vikombe viwili mezani.

"Miaka yote ile, mama watoto, nilikuwa nakimbilia wapi?"

 Mkewe alimsogezea nusu ya ncha, naye akaitafuna polepole, kru, kru, kwa maana hatimaye alikuwa amejua: haraka haraka haina baraka.