Firigisi ya Mayi Nekoye

Watu watatu, firigisi moja. Anayetaka kusinzia aende kwenye hotuba ya mheshimiwa.

Soko la Chwele lina Nasambu, msusi, vidole vyake huona kabla ya macho. Lina Khaoya, muuza matumbo, ameosha utumbo wa ng'ombe miaka ishirini. Lina Lusike: digrii ya biolojia, kazi zero. Kipaji chake ni mdomo.

Mayi Nekoye, yaani Mama Nekoye, mjane, alikuja kusukwa. Shingo yake ilikuwa imegeuka nyeusi ghafla, nene, laini kama mahameli. Shemeji zake walisema ni uchafu, naye akaisugua kwa jiwe la miguu hadi damu. Nasambu akaigusa.

"Mayi, tupa hilo jiwe! Huu si uchafu. Usifiche tena, onyesha watu."

Mayi akapita kwa Khaoya, akamfungulia viganja vyake, navyo vimejaa mikunjo minene.

"Mayi, hiki ni kiganja ama ni bidhaa yangu?" Khaoya akacheka. Kisha akakisogeza karibu na macho. "Kula unakula?"

"Vijiko viwili, nimeshiba."

Akafunga kibanda saa nne asubuhi, wateja wakimtukana, akampeleka kliniki kwa boda.

Kliniki wakaandika mafuta ya kupaka. Lusike alikuwa kwenye benchi, ameleta CV mara ya tano.

"Daktari, with due respect, umemwangalia mama ama saa? Ngozi ikibadilika hivi, na mtu anashiba upesi, shida inaweza kuwa tumboni. Andika kipimo cha kamera. Mimi sina kazi, time ninayo. Sitoki."

Daktari akaandika. Saratani ya tumbo ikapatikana, bado changa. Ikakatwa. Shingo ikaanza kung'aa.

Mayi akachinja jogoo. Kwao firigisi ni ya mwanamume wa heshima. Shemeji mkubwa akanyoosha mkono.

"Rudisha mkono, shemeji," akasema Mayi. " Wewe uliona uchafu. Leo inaliwa na aliyeniokoa, hata kama anavaa sketi."

"Bila mimi ungekuwa bado unasugua," akasema Nasambu.

"Bila mimi ungekuwa jikoni unapika matumbo, kliniki hujaiona," akasema Khaoya. "Tena mimi mwanamume, mila haivunjiki."

"Ndiyo maana usipewe!" Lusike akafoka. "Bila mimi angezikwa akinukia mafuta ya kupaka."

Firigisi inapoa kwenye kijiko. Mayi ameapa haitakatwa, na shemeji bado hajaondoa macho.

Haya, wewe unayejua kila kitu: kijiko ni chako. Unamlisha nani?