Mbeleko Kwenye Mlango wa Tatu

"Milango huhesabiwa kwa maji, si kwa mapenzi." Ndivyo Bi Nambike alivyowaambia vijana wawili waliotafutana asubuhi nzima kando ya mfereji, kila mmoja na jembe lake, wasionane, kwa kuwa kila mmoja alihesabu milango kwa desturi ya kwao bila kutazama vibao. Wakacheka, wakamuuliza mapenzi yameingiaje kwenye mfereji. Akawaambia waketi, waache kucheka wasichokijua. Msemo huo una mwenyewe, na asili yake ni hii.

Zamani mfereji huo ulikuwa na milango tisa ya maji, na haukuwa na hata kibao kimoja. Watu wa juu walihesabu kuanzia banioni, maji yanakoingia kutoka mtoni. Watu wa chini walihesabu kuanzia bwawani, maji yanakoishia. Mlango wa tatu wa hawa ulikuwa wa saba wa wale. Kila upande ulishikilia wake, na aliyepotea alichekwa tu.

Nakijwa alikuwa binti wa juu, akaolewa chini na Senzota. Walitaniana kwa hesabu hizo mpaka chakula kikapoa. Mimba ya kwanza ilipokomaa akarudi kwao kujifungua, kama ilivyo desturi. Senzota naye akaenda kukata mkonge. Mtoto akazaliwa, akafikisha miezi minne, baba hajamtia machoni. Kila mtoto alipocheka, Nakijwa aligeuka kutafuta wa kumwonyesha.

Siku moja utingo wa lori akaleta salamu za Senzota. Ijumaa asubuhi wakata mkonge watapita wakipelekwa shamba jipya, mbali sana. Lori litasimama kwa muda wa saa moja tu kwenye barabara kuu, pale inapokata mfereji katikati. Hapo macho ya watu ni mengi, kwa hiyo Nakijwa amlete mtoto mlango wa tatu.

Nakijwa akawaza: mume wangu ni mtu wa chini, tatu yake ni ya chini. Ijumaa akamfunga mtoto mgongoni mapema, akapita mlango wa tatu wa kwao bila hata kuutazama, akavuka barabara ikiwa bado tupu, akaenda kungoja huko chini. Jua likapanda. Kila matete yalipotikisika alisimama. Mwishowe akasikia lori likinguruma, likaondoka.

Wakati wa kurudi akapita tena mlango wa tatu wa kwao. Kwenye mkono wa chuma wa kufungulia mlango palikuwa na mbeleko mpya, imefungwa mafundo mawili, kama Senzota alivyozoea kufunga mizigo. Jirani aliyekuwa akipalilia hapo akamwambia, "Mumeo alikungoja hapa. Alisema wewe ni mtu wa juu, lazima utahesabu kwa juu."

Nakijwa akakaa chini, akalia mpaka mtoto naye akalia.

Kikao cha zamu za maji kilipofika, akasimama na mbeleko mkononi, akaomba hesabu iwe moja, ianzie maji yanakotoka. Mzee mmoja wa chini akamkejeli kwamba anapendelea kwao.

"Sipendelei kwetu," Nakijwa akajibu. "Mimi nilihesabu kwa mapenzi, mume wangu naye akahesabu kwa mapenzi, tukapishana. Maji hayampendi mtu. Tuyafuate hayo."

Kikao kikakubali. Vibao vikachongwa, moja hadi tisa, kuanzia banioni. Nakijwa akamwandikia Senzota kumweleza wapi atamngojea akirudi. Jibu likaja kwa mwandiko wa mtu mwingine: homa imemchukua huko huko. Hata hivyo, kila Ijumaa Nakijwa alikwenda kwenye kibao cha tatu, akakifuta vumbi, akakaa kidogo.

"Na yule mtoto?" kijana mmoja akauliza, kicheko kimemwisha.

Bi Nambike akatoa kitambaa kilichochakaa begani, akakishika penye mikunjo miwili isiyonyooka tena. "Mtoto ndiye huyu anayewapigia kelele. Sura ya baba yangu siijui, najua mafundo yake tu. Haya, inukeni mkazibue mfereji. Na mkiahidiana tena kukutana, mkumbuke: milango huhesabiwa kwa maji, si kwa mapenzi."