Mwanzishaji wa Nyimbo

Wanangu, sogeeni. Nyie wa mlangoni ingieni, msinisikilize kwa sikio moja.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya. Kijana mtanashati, kasoma, Kiingereza kinamtoka puani. Kwenye kwaya yake alikuwamo mama mmoja muuza viazi, wakimwita Mama Nyakio. Huyo mama, Mungu alimpa sauti! Ndiye alikuwa mwanzishaji. Si mnajua mambo yetu? Mmoja akishaitoa ile sauti ya kwanza, wengine ndipo wanajua pa kushika. Hata mamake mwalimu, bibi kizee wa kulala kitandani, alikuwa akimwagiza mwanawe: "Siku yangu ikifika, Mama Nyakio ndiye anianzishie. Nisizikwe kimya kimya kama nisiye na watu."

Sasa, Mama Nyakio ulimi wake ulikuwa wa kwao. Blauzi kwake ni brauzi. Blanketi ni brangeti. Kliniki, kiriniki. Haya niambieni, nani aliwahi kunyimwa dawa kwa kusema kiriniki?

Yakaja mashindano ya kwaya mjini. Mwalimu akaleta wimbo wa Kiingereza mazoezini. Mama Nyakio akasimama, akafumba macho, akaanzisha: "Grori! Grori tu di Rodi!"

Wasichana wakaegemeana kwa kicheko. Mmoja akasema, "Mama, huo ni wimbo ama ni gari linakataa kuwaka?" Mama naye akacheka, akijua ni utani tu wa watoto.

Mwalimu hakucheka. Afadhali angecheka. Aliwaza majaji wa mjini, aibu ikampanda. Akasema, "Mama, rudia. Glo-ri."

"Gro-ri."

"Glo!"

"Gro, Mwalimu."

Tena na tena, mbele ya watu, mama mzima, na binti yake wa kuzaa akiwa pale pale anaangalia chini. Mwisho akamwambia, "Basi. Nenda ukae nyuma, utatuaibisha."

Akakaa nyuma. Jumapili nyingine akakaa nyuma zaidi. Baadaye ikawa haonekani mazoezini. Mwalimu alimfuata? Hakumfuata. Kanisa lilinunua kinanda cha umeme, kikawa ndicho kinachoanzisha, mambo yakapita.

Ndipo bibi kizee akafariki.

Wanangu, kaburini hakuna umeme. Kwaya ikajipanga. Huyu akaanza juu, yule akashika chini, wakaachia njiani. Wakajaribu tena, wakaachia tena. Watu wakaanza kutazamana. Mwalimu akalikumbuka agizo la mamake, moyo ukampasuka. Akakimbia nyuma ya nyumba, kina mama walikokuwa wakipikia waombolezaji. Mama Nyakio alikuwepo, anamenya viazi, macho mekundu kwa kulia.

"Mama, nakuomba. Lugha yoyote. Vile unavyosema wewe, hivyo hivyo."

Mnadhani alimkatalia kwa kinyongo? Laiti kingekuwa kinyongo! Kinyongo mtu huombwa radhi kikaisha. Alifuta mikono kwa leso, akafuatana naye mpaka kaburini. Akafumba macho. Akavuta pumzi. Midomo ikafunguka.

Hakikutoka kitu.

"Mwalimu," akasema polepole, "tangu asubuhi najaribu kule jikoni. Nikifungua mdomo tu, nasikia wanacheka."

Na hapakuwa na mtu anayecheka pale. Hata wale wasichana walikuwa wanalia.

Bibi kizee akashushwa. Kilichosikika ni udongo na majembe. Mwalimu akasimama pale, anajua Kiingereza chote, na hana la kumwambia mamake.

Sasa tusimseme mwalimu. Sisi je? Si tunawacheka wakwe zetu? Si tunamkatiza jirani katikati ya maombi yake kwa sababu neno la kizungu limempinda mdomoni? Mungu ndiye aliyeumba hizo ndimi. Ukimwambia grori anasikia, ukimwambia glori anasikia. Nani alitupa sisi kazi ya kumchujia maneno?

Kumnyamazisha mtu ni rahisi, wanangu. Kicheko kimoja kinatosha. Kumrudishia sauti yake, hapo ndipo utalia. Unaweza kuomba msamaha, ukasamehewa kweli kweli, na sauti isirudi.

Yuko mtu nyumbani kwako aliyeacha kusema ukiwepo. Usinitazame mimi, unamjua. Mwalimu alingoja mpaka kaburi likachimbwa. Wewe ukitoka hapa, pitia kwake kwanza.